Ukoo Mzima Ulikosa Watu Wawili

Nilichuchumaa. Nikaweka mikono kisogoni, nikaruka kichura mara tatu juu ya zulia la shemeji yangu, mchana wa Krismasi, nimevaa kitenge kipya, mbele ya watu ishirini na zaidi wa ukoo wa marehemu mume wangu. Aliyeshika simu akinipiga video alikuwa binti yangu wa kumzaa.

"Rudia moja, mama. Hiyo ya mwisho umetoka nje ya picha."

Nikarudia.

Walicheka. Binamu yake mume wangu, aliyepanda kutoka Dar na familia yake, alicheka mpaka akamwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kochi, na mke wa shemeji akawa anafuta huku naye anacheka. Aliyeanzisha ni shemeji mwenyewe. Kwenye runinga kulikuwa na mwanamke wa Kizungu anapekuliwa siku yake ya kwanza jela, askari anamwamuru achuchumae akohoe. Shemeji akanigeukia, akasema kwa ile sauti yake anayosomea matangazo kanisani:

"Shemeji, wewe ndiye mtaalamu wetu humu ndani. Ndivyo wanavyofanya kweli, au hawa wanatuigizia?"

"Ndivyo," nikasema.

"Aa, hapana, tuoneshe. Kusema hata kasuku anasema."

Mtu ataniuliza kwa nini nilikubali. Ukishaamriwa kuchuchumaa kila asubuhi kwa miezi tisa, magoti yanaitika kabla ya kichwa. Halafu kuna jambo la pili, nalo ni baya zaidi: binti yangu alikuwa ananitazama anatabasamu, na tangu awe mtu mzima hajawahi kunitazama hivyo. Nilidhani nikiruka ataendelea.

Kipindi chenyewe ni hiki. Watu huru, wasio na kosa lolote, wanajitolea kuingia jela wakijifanya wahalifu. Wanapewa kesi ya uongo na jina la uongo. Wafungwa hawajui, askari wa kawaida hawajui, anajua mkuu wa jela na wenye kamera. Wazungu wamerekodi kwao, huku kwetu kimetiwa sauti za Kiswahili, na siku hiyo king'amuzi kilikuwa kinarudia sehemu zote mfululizo tangu watu walipotoka ibadani. Yule wa kujitolea akishindwa, anasimama mbele ya kamera na kushika masikio yake yote mawili. Basi. Kabla hajayaachia, mlango umefunguliwa.

Masikio hayo yakawa mchezo wa nyumba nzima. Aliyeongezewa mtori ameshiba alishika masikio. Aliyeitwa akasaidie kuchuna mbuzi alishika masikio. Hata meku, mzee mkubwa wa ukoo, ambaye hasikii vizuri na runinga alikuwa anaiona kama dirisha, alishika masikio alipoletewa kata ya nne ya mbege, na watu wakampigia makofi.

Kila mtu alichagua wake, kama timu ya mpira. Binamu wa Dar alichagua jamaa mmoja mwenye misuli.

"Huyo hatoki mpaka mwisho. Halafu angalieni godoro hilo! Zuri kuliko langu. Jela gani hii? Si bora tuhamie?"

"Choo hakina mlango, jamani," mke wa shemeji alisema, mkono kifuani. "Mimi siku moja tu, nimekufa. Choo hakina mlango!"

"Sisi ilikuwa ndoo," nikasema. "Tuko arobaini, ndoo moja."

Hakuna aliyegeuza shingo. Nilikuwa nimezungumza wakati wa tangazo la sabuni, na bado walikuwa wanatazama sabuni.

Binti yangu alimchagua mama mmoja, mwalimu wa shule, mwenye mtoto mdogo aliyemwacha kwa bibi yake. "Huyu mama ni jasiri," akawa anasema. "Yaani unaacha nyumba yako, unaacha mwanao, unaingia jela na huna kosa!"

"Shujaa," shemeji akaitikia. "Huyo kwetu angepewa jina la barabara."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, sahani ya ndizi mapajani. Kutoka kwenye kochi la binti yangu hadi kwenye kigoda changu ni hatua nne.

Sasa nirudi nyuma, maana wengi mnaosoma hamkuwepo, na waliokuwepo wanajifanya hawakuwepo.

Mume wangu alikuwa mpagazi wa mlimani. Alifariki binti yetu akiwa na miaka tisa, nikabaki hapo Mwika kwenye kihamba, shamba la ukoo, na migomba yangu, kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja wa kufungia ndani. Nyumba ya shemeji ilikuwa ng'ambo ya mfereji. Tangu siku ya matanga aliniambia, "Usihofu, mimi nipo." Na kweli alikuwepo. Alikuwa haondoki.

Mwaka wa tatu wa ujane wangu alikuja asubuhi na madumu manne, midomo imezibwa kwa gunzi na nailoni. "Shemeji, niwekee ghalani. Ni dawa ya kupulizia kahawa. Usifungue, ni sumu, na mtoto asisogee."

Nikaweka. Siku ya tatu pua yangu ikaniambia kwamba dawa ya kahawa hainuki namna ile. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba iliyopika gongo, gongo naijua hata ikiwa imelala. Lakini nyumbani kwetu nilifundishwa hivi: mke hafungui alichofunga shemeji yake, na akikijua, hakijui. Nikaifunika na magunia. Hapo kosa ni langu, naliandika kabla hajaliandika mwingine.

Polisi wawili na mgambo mmoja walikuja Jumanne, wakaenda ghalani moja kwa moja. Shemeji alikuwa hapohapo uani kwangu, amekuja kukata majani ya ng'ombe wake. Wakayatoa madumu, wakayapanga juani. Mmoja akauliza, "Haya ya nani?"

Shemeji akasema, "Ghala ni la shemeji yangu."

Nani atasema amedanganya? Ghala lilikuwa langu. Nilimtazama nikisubiri nusu ya pili ya sentensi. Alikuwa ameshika mundu, anafuta utomvu wa mgomba kwa kidole gumba, taratibu, anaangalia kidole. Na mimi nikanyamaza. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtaji ndugu wa mumewe mbele ya polisi. Nilijiambia atakuja kituoni jioni, aseme kiume. Nikapanda gari lao nimevaa kandambili. Binti yangu, miaka kumi na miwili, alikuwa shuleni.

Mahakamani hakimu hakuwa mkali hata kidogo. Alisema dhamana yangu iko wazi. Wanatakiwa wadhamini wawili wanaoaminika, wenye kitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji. Wawili, nimeandika. Si kumi. Karani akaita nje mara tatu: "Wadhamini wa huyu mama wapo?" Kulikuwa na mti, na mbuzi mmoja amefungwa kwenye mti. Nikapelekwa mahabusu.

Kila baada ya siku kumi na nne tulipakiwa kwenye karandinga tukaletwa mahakamani, kesi ikaahirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika, tukarudishwa. Kila mara karani aliita, na kila mara mimi nilinyoosha shingo. Mwezi wa pili mke wa shemeji alikuja kuniona, akaniletea sabuni na kanga. Nikamwambia, "Dada, watu wawili tu, na barua." Akasema, "Mzee analishughulikia." Mwezi wa tano akaja tena. "Mzee analishughulikia, mtendaji ana safari." Hakurudi tena. Mtendaji huyo safari yake ilikuwa ndefu kuliko ya wana wa Israeli.

Mle ndani tulikuwa na mama mmoja wa Mabogini, amekamatwa kwa kugombana na mtu wa maji ya mpunga, akampasua kichwa kwa jembe. Yeye kweli alipasua. Wiki ya pili kaka yake na jirani yake walikuja mahakamani na matope ya majaruba hadi magotini, hata kunawa hawakunawa, wakasaini. Akatoka. Alipokuwa anakunja kanga yake akaniuliza, "Kwani wewe mwenzetu kwenu mko wangapi?"

Nikamwambia, "Tukikaa Krismasi, mbuzi wawili hawatoshi."

"Basi hawakutaki," akasema. Hivyo tu, kama mtu anayekutajia saa.

Mwezi wa tisa wakasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na kesi. Nikatoka kwa miguu yangu, na kandambili zilezile. Nyumbani nikakuta ng'ombe hayupo, migomba yangu imetengenezwa vizuri sana, na binti yangu anaishi ng'ambo ya mfereji, anamwita mke wa shemeji mama. Nilipofungua mikono alisimama. Akasema, "Shikamoo." Shikamoo, kama anayemsalimia mgeni wa baba yake mdogo.

Nilikuwa najiandaa kusema kila kitu. Na shemeji alijua. Jumapili ya pili, kabla sijafungua mdomo popote, alikuja kwangu na meku, ameshika isale. Asiyejua kwetu nimwambie: isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akikuletea isale, ameomba msamaha, na wewe huwezi kukataa. Ukikataa, laana ni yako. Ukipokea, neno limekufa, halifukuliwi na mtu.

Akapiga goti. "Shemeji, nimekosa."

"Umekosa nini?" nikauliza.

Meku akaniwahi. "Isale haihojiwi, mwanangu. Pokea."

Nikapokea. Na hapo ndipo nilipofungwa kifungo chenyewe, maana kile cha kwanza kilikuwa mahabusu tu. Nilipokea jani bila kusikia kosa. Yeye akaenda nyumbani akamwambia binti yangu, na binti mwenyewe alinisimulia baadaye kwa nia njema kabisa, "Mama yako alituaibisha na gongo yake, lakini tumeshasameheana." Neno moja dogo, tumesameheana, na mimi nikawa ndiye niliyesamehewa. Akamsomesha. Akamlea vizuri, siwezi kusema uongo. Mtoto akakua anampenda baba yake mdogo aliyemwokoa kutoka kwa mama muuza gongo. Mimi nikateremka Moshi, nikapanga chumba Majengo, nachoma chapati.

Kila Krismasi napanda. Kwa nini? Kwa sababu binti yangu yuko kule.

Basi turudi kwenye zulia. Baada ya kuruka kwangu watu walitulia, kipindi kikaendelea. Yule mwalimu wa Kizungu alikuwa amefika siku ya nne. Siku ya nne! Akaanza kulia usiku kitandani, akasema anasikia sauti ya mwanawe ukutani. Asubuhi akasimama mbele ya kamera, akashika masikio yote mawili. Mlango ukafunguliwa. Wakamleta mtoto, mtoto akakimbia, mama akaanguka magotini.

Sebule nzima ililia. Ninasema kweli, nilikuwepo. Mke wa shemeji alijifunika kanga. Binamu wa Dar alijifanya ana mafua. Shemeji alitoa leso, mzee wa kanisa mzima. Binti yangu alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, simu yenye video yangu ikiwa bado mapajani.

"Maskini mama wa watu," akasema. "Siku nne zote bila mwanae."

Nikashindwa. Nikaweka sahani chini. "Na wewe ulikaa miezi tisa bila mama yako. Nani alikulilia?"

Akanigeukia, macho yamejaa maji ya mwanamke yule mwingine. Hakunijibu kwa hasira, ningependa angejibu kwa hasira. Alijibu kama mwalimu anayemsahihisha mtoto.

"Lakini mama, yeye hana kosa."

Nikamtazama shemeji. Wote walikuwa wananitazama mimi, yeye peke yake alikuwa anaikunja leso yake, pembe kwa pembe.

"Shemeji," nikasema, "mwambie mtoto. Ni neno moja tu. Mwambie madumu yalikuwa ya nani."

Nilisikia mafuta ya mbuzi yanadondoka kwenye moto huko nje. Halafu shemeji yangu akainua mikono yote miwili polepole, akashika masikio.

"Jamani," akasema, "nitoeni!"

Nyumba ilianguka kwa kicheko. Walicheka kuliko waliponicheka nikiruka. Binamu alipiga kochi ngumi. "Mfungulieni mlango mzee! Ameshindwa!" Hata binti yangu alicheka, huku machozi ya yule mwalimu bado hayajamkauka, akanifanyia ishara ya mkono: kaa, mama, yamekwisha.

Sikukaa. Nikasema tena, na meku akagonga bakora sakafuni. Yeye hakuwa amesikia mzaha, alikuwa amesikia sauti yangu tu imepanda.

"Isale ulipokea?"

"Nilipokea, meku."

"Basi unafukua nini? Keti ule nyama. Siku ya Bwana hii."

Mke wa shemeji akaniletea nyama. Kipande kizuri, cha ubavu. Nikala, andikeni na hilo. Nikala huku sehemu inayofuata inaanza, na wenzangu wanabishana nani atatoka mwisho.

Video yangu binti aliirusha kwenye kundi la ukoo, na ukoo nao una marafiki. Siku ya tatu ikafika Majengo kabla sijaukanda unga. Mama mwenye nyumba wangu, mtu wa swala tano asiyewahi hata kufika Mwika, aliniita uani.

"Mama chapati, hebu njoo. Huyu si wewe?"

"Ni mimi."

Aliangalia hadi mwisho, hakucheka. Akazima. Akaniuliza, "Nani alikukalisha huko ukajifunza kuchuchumaa namna hii?"

Miaka kumi na miwili tangu nitoke mahabusu. Kanisani hawakuniuliza hilo. Binti hakuuliza. Walioniuliza waliuliza ndani tulikula nini, na kama ni kweli wanawake wanapigana, na sasa kwa ajili ya kipindi wananiuliza kama kuna kamera. Huyu wa kwanza aliuliza nani. Nikashindwa kumjibu uani, ndiyo maana ninaandika. Mimi ni wa darasa la saba, sijui kuandika kwa kuzunguka.

Nani ni huyu: mdogo wake marehemu mume wangu, mzee wa kanisa wa Mwika, mwenye nyumba ng'ambo ya mfereji wangu. Wa pili ni mkewe, aliyeleta sabuni mahali palipotakiwa saini. Wa tatu ni mtendaji wa miaka ile, kama kweli aliwahi kuombwa barua, aseme. Wa nne ni meku, aliyenipokesha jani kwa upofu, na huyo namwachia Mungu kwa sababu ya umri. Wengine ni mliokuwa kwenye yale makochi, wakubwa wote, wenye vitambulisho. Niliwahesabu wakati mnalia. Mlikuwa mnatosha kunidhamini mara kumi, na machozi yakabaki.

Msiniambie isale. Nilisamehe kosa nisiloambiwa, na kosa nisiloambiwa sijalisamehe. Kama ni laana, nimeshaikaa miezi tisa, naijua ilivyo.

Shemeji, sitaki polisi, wala sitaki kihamba. Unajua anapokaa binti yangu, yuko kwenye meza yako. Mwite, umzimie runinga, umwambie madumu manne yalikuwa ya nani. Halafu umjibu na hili, mkeo akiwa amekaa hapo pembeni yako: hakimu alitaka watu wawili. Wewe na yeye mlikuwa wawili. Mlikuwa wapi?